Nyuklia, Jua na Leso Yangu: Kutoka Likoni hadi Junda

Wivu ndio ulionitoa Likoni Jumapili ile, na sioni haya kuliandika. Ulikuwa wivu mkubwa kiasi kwamba tungeupakia kwenye feri, magari yote yangebaki nje.

Sisi tuliohitimu masomo ya jioni tuna chama chetu cha mdahalo. Akina mama wa Junda, wakaanga samaki, walikuwa wametualika tukabishane mbele yao: je, ili ipate stima, yaani umeme, nchi ijenge kinu cha nyuklia huku pwani, ama iongeze jua, upepo na mvuke wa ardhini? Si mabishano ya kupunga hewa. Kikao cha wananchi kuhusu kinu hicho kilikuwa karibu kufanyika Kilifi, na msemaji atakayewakosha akina mama ndiye wangemtuma akaseme kwa niaba yao. Msemaji huyo nilitaka niwe mimi. Nilishaanza hata kujizoeza kukohoa kama mheshimiwa.

Pande tuligawana kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mwenzangu Wafula, mzaliwa wa bara na karani wa kiwanda kimoja Changamwe, akaokota jua. Mimi nikaokota nyuklia. Jua! Kitu ambacho Mungu hukimwaga bure juu ya kila paa, na Wafula naye kakipata bure. Mimi natumwa kwa wauza samaki nikawasifie mtambo ambao wavuvi wanaununia. Usingizi ulinihama ukaenda zake Tanga.

Saa nne asubuhi, kivukoni. Wafula alitokea na tai nyekundu iliyoonekana, wallahi, hadi Lamu. Mimi nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko leso mpya. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja nilimwachia mke wangu Zuhura, cha pili nikamwambia nampelekea shangazi yangu wa Mishomoroni. Haikuwa zawadi hasa. Kwetu, mwimbaji au msemaji akiwakuna watu, mama mmoja huinuka akamvika leso mabegani, ndiko kumtuza. Wa kwanza akishainuka, wenziwe hufuata. Nilichotaka ni huyo wa kwanza tu.

"Buda, rafiki yangu, mbona umenuna?" Wafula akaniuliza tulipofika katikati ya maji.

"Nafikiria atomu."

"Usijali. Dakika zangu zikibaki nitakuachia."

Msikie! Anigawie makombo ya dakika!

Adhuhuri, Mishomoroni. Shangazi Mwanaisha alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mgeni? Karibu baba, ingia, hapa ni kwenu. Wewe Bakari, wangoja nini? Mletee mgeni maji anawe."

Nikamnawisha Wafula. Mimi, kwa mikono yangu! Wali wa nazi ukaja na samaki wa kupaka. Kichwa kikaenda kwa Wafula, mnofu wa mgongoni kwa Wafula, nami nikapewa mkia ambao hata paka wa nyumba ile aliutazama kwa huruma. Shangazi akamsifu mgeni anavyojua kula. Nimekula nyumba ile tangu nina meno ya utotoni, sijasifiwa hata tonge.

Baada ya chakula nilimfuata jikoni nikamtilia leso mkononi.

"Shangazi, mambo yakikolea, inuka utuze."

"Hilo tu? Niachie mimi."

Kumtaja wa kutuzwa niliona aibu. Nilidhani damu itajisemea yenyewe.

Alasiri, Junda, shangazi tukiwa naye. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na joto lake lingeivisha mihogo. Wafula alisimama wa kwanza.

"Akina mama, hii stima tuko nayo sasa, nyingi inatoka kwa mvuke wa Naivasha, kwa maji, na kwa upepo wa kule Turkana. Hii si ndoto. Jua nayo unaweka kwa paa leo, friji inaanza kazi. Lakini kinu ya nyuklia? Mtoto ako tumboni leo atamaliza shule kabla iwake!"

Kiswahili chake kilijikwaa kila hatua, lakini kiliinuka kikacheka na watu wakacheka nacho. Nilitafuta kosa la kunifurahisha, nikayapata mia, hakuna lililonifurahisha.

Zamu yangu nikapaa. "Mama zangu! Jua hulala, upepo huchoka, atomu haisinzii! Kinu hakifuki moshi, na kijidonge cha urani kama kokwa ya tende chaweza kuwakaangia samaki hadi wajukuu wenu wang'oke meno!"

Mwenyekiti wao, Bi Kadzo, akainua mkono. "Maneno yako matamu, baba. Na takataka zake mtazizika wapi?"

"Zileteni Likoni, nitazilalia chini ya kitanda changu!"

"Mkeo ameulizwa?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wafula ndiye aliyecheka zaidi, ila hakucheka kwa muda mrefu, maana Bi Kadzo alimgeukia.

"Nawe, baba wa jua. Masika mawingu yakitanda wiki nzima, samaki wangu niwaambie wasioze?"

"Betri," Wafula akasema. "Betri... zitakuwa mob, nyingi tu." Akafuta jasho kwa tai.

Nilitabasamu hadi masikio yakasogea. Jibu kamili nilikuwa nalo, kwani nilisoma pande zote mbili kwa hamu ya kumshinda.

Hapo shangazi akainuka na leso yangu. Nilinyoosha mabega, nikainama kidogo ili asipate taabu. Akanipita kama nguzo. Akamvika Wafula! Vigelegele vikalia, na akina mama wakamiminika hata tai nyekundu ikazama ndani ya leso.

"Shangazi!" nilinong'ona aliporudi.

"Nini? Wewe mtoto wa nyumbani. Nikutuze wewe, na mgeni yuatazama? Watu wa Junda watasema Mishomoroni hatuna adabu."

Bi Kadzo akatangaza: wa kwenda Kilifi ni Wafula. Nikapiga makofi ambayo hata mbu asingekufa.

Jioni, kwenye feri, Wafula alinisogelea na leso zake mkononi.

"Bakari, hilo swali la mawingu limenimaliza. Na jibu ulikuwa nalo, nilikuona ukicheka. Kilifi watanishikia hapo hapo. Nitasema nini?"

Kwa muda mfupi nilikuwa na raha kuliko sultani. Ningenyamaza tu, aende akababaike mbele ya wakubwa. Ila kila nikimwona Wafula anababaika, nilimwona Bi Kadzo ameketi nyuma yake na beseni lake, maana samaki watakaooza si wa Wafula.

"Sema hivi," nikamwambia. "Jua halisimami peke yake. Mvuke wa ardhini haujui mawingu wala usiku. Upepo na maji husaidia, nyaya zikiunganisha vyote, na betri hujaza pengo tu. Kisha waulize wenye kinu: takataka zitalala wapi, na maji ya moto yakirudi baharini, samaki watakwenda wapi? Wasikujibu kama nilivyojibu mimi."

Akayarudia kwa Kiswahili chake, yakatoka matamu kuliko yalivyokuwa kinywani mwangu. Likaniuma hilo nalo. Safari ile ilinifunza mengi juu ya stima, na moja juu ya wivu: nao ni umeme usiokatika, lakini unaweza kumwashia mtu mwingine taa.

Kabla ya kuachana, Wafula alichomoa leso moja. "Mpelekee shemeji. Ndiyo ilikuwa ya kwanza, iko na maana."

Nikamshukuru kwa leso yangu mwenyewe.

Nyumbani, Zuhura aliitambua papo hapo. Akaleta kipande chake, akavilaza pamoja, ua kwa ua.

"Shangazi amekirudisha?"

"La. Nimetuzwa. Na Wafula."

"Kwa hotuba ya Junda?"

"Kwa ile ya kwenye feri."