Nilivyomzika Papa Nyuzi Tano Barabarani

Mliotaka kunicheka mmeshacheka vya kutosha, na mnaoisimulia habari hii sokoni mnaisimulia vibaya, mnaongeza chumvi (eti nilizirai, mimi sikuzirai, nilikaa tu chini), kwa hiyo leo acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na mdomo ni wangu.

Mnanijua, mimi ni Kahambu, nauza madaftari na kalamu pale Bulengera, hapa Butembo, na nikishafunga duka nadarizi. Wenzangu tuliofundishwa pamoja na masista wanadarizi maua na njiwa kwenye vitambaa vya meza, lakini mimi njiwa walinichosha zamani, nikaanza kudarizi nyuso za watu. Wa kwanza alikuwa marehemu mume wangu Katembo, nikamtoa akifanana na kaka yake, lakini ndiyo kujifunza. Uso niliotaka kuudarizi maisha yangu yote ulikuwa mmoja tu, wa Papa Kambere wa Beni, yule mpiga gitaa ambaye kila mtu anamwita Papa Nyuzi Tano.

Kwa asiyemjua (sijui ulikuwa wapi), huyu mzee uzi wa sita wa gitaa lake ulikatika katikati ya harusi ya watu, yeye akaendelea kupiga na tano zilizobaki mpaka bibi harusi akaomba kuketi, na tangu siku hiyo hakuurudisha tena. Mimi najua kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa bidoni, yaani dumu la mafuta, najua anakunywa chai bila sukari, najua na kijiji alikozaliwa mama yake, yote bila mtu kuniuliza. Alipiga kwenye harusi yangu pia. Katembo alikuwa akisema nilimtazama mpiga gitaa kuliko nilivyomtazama bwana harusi, na sikuwahi kumjibu.

Basi nikasikia kwenye redio kwamba Papa Nyuzi Tano anatimiza miaka sabini, kutakuwa na misa ya shukrani asubuhi, halafu karamu kwake, kule Beni, kwenye komini ya Ruwenzori, na anayempenda aje. Nikasema huu ndio wakati. Nilidarizi miezi minne. Sikutaka malipo wala kutajwa kwenye kipaza sauti, nilitaka kitu kimoja tu, autazame uso wake niliouchora kwa sindano, halafu aniambie neno moja, hata kama ni fupi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yalianza kuharibika nikiwa bado nyumbani kwangu na akili timamu. Picha niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nilitumia uzi mweusi na wa kijivu. Kadri, yaani fremu ya mbao, nilitengenezewa na fundi jirani yangu, ambaye kazi yake kubwa ni masanduku ya marehemu, na rangi aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile ya masanduku, nyeusi ya kung'aa. Chini ya uso nikadarizi jina lake, na chini ya jina nikaweka mwaka aliozaliwa, kamstari, na mwaka huu, ili watu wahesabu waone sabini imetimia. Nilijisifu kwa wazo hilo. Hakuna aliyenionya, kwa sababu sikumwonyesha mtu.

Siku yenyewe nilivaa kikwembe changu kizuri kuliko vyote, cha buluu nzito (ukiwa mbali unaweza kusema ni cheusi), nikamwita Muhindo, motari anayenibebaga kwa pikipiki yake na mizigo yangu. Akaitazama picha, akakuna shingo.

"Mama Kahambu, tuifunike na kikwembe. Barabara iko na vumbi mingi."

"Acha ivyo," nikamwambia. "Batu baone kazi."

Hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Nikakaa upandeupande, kadri nimeikumbatia kifuani, uso wa mzee umetazama nje kwa watu, tukaondoka. Upepo na vumbi vikanitoa machozi kabla hata hatujatoka mjini, nikashindwa kuyafuta, mikono miwili iko kwenye kadri.

Mnajua kwetu msiba unavyokwenda barabarani. Picha ya marehemu inatangulia, anaishika mtu wake wa karibu, na mapikipiki yanafuata na majani na honi. Mimi pia najua, nimefuata misiba mingapi. Lakini ukiwa wewe ndiye umeshika picha, na umeidarizi wewe, unaona kazi yako tu.

Karibu na Maboya wanawake waliokuwa wanatandaza mihogo wakasimama, mmoja akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, kumbe kazi imefanana naye kweli! Nikawatikisia kichwa kuwashukuru. Wazee wakavua kofia. Motari mmoja akatufikia ubavuni akapiga kelele juu ya injini.

"Mama! Ni Papa Nyuzi Tano ya Beni?"

"Njo yeye kabisa!" nikajibu kwa furaha, machozi yananitiririka. "Tunaenda kwake!"

Akapiga honi ndefu. Baada ya kilomita mbili walikuwa motari kumi, halafu sikuhesabu tena, na mmoja akachomeka tawi la majani kwenye usukani wetu. Wengine wenye haraka wakatupita mbio kwenda Beni. Muhindo akageuza shingo kidogo.

"Mama, leo batu bako na heshima mingi kwetu. Sijue ni juu ya nini."

Jibu tulilipata kwenye bariyeri, pale askari wanapofunga barabara kwa kamba. Malori yalikuwa yamejipanga mstari mrefu, na mnajua mazungumzo ya pale yanavyokuwaga, hayaishi mpaka mkono uingie mfukoni. Askari mmoja, mgeni wa kutoka mbali, akanikaribia, akaitazama picha, akasoma jina, akasoma na miaka, akavua kofia yake, akanipa moyo kwa Kiswahili cha kuchanganya Kifaransa.

"Mama, courage. Mimi mutu ya Kananga, mais ile gitaa nilikuwa naisikia hapa kila asubuyi. Pole sana." Halafu akamwita mwenzake kwa Kilingala, "Tika mama aleka!", yaani wamwache mama apite.

Hapo ndipo nikainamisha kichwa nikasoma kazi yangu kwa macho ya askari. Mwaka, kamstari, mwaka. Kadri ya sanduku. Mungu wangu Nyamuhanga!

Nisiwafiche, nilikuwa na nafasi ya kusema. Kamba ilikuwa bado haijashushwa, ningesema tu, "Papa askari, huyu mtu ni mzima, leo anakula wali." Lakini kamba ikashuka, malori yote yanatungoja, motari wote nyuma yangu wamezima honi kwa heshima, na mimi huko nyuma nilikuwa nimewatikisia kichwa waombolezaji njia nzima. Nikanyamaza, tukapita bila mazungumzo. Tangu hapo siwezi kusema nilikosea, nilikuwa nadanganya.

Nikajipa moyo kwamba nitawaambia tukifika Kabasha. Kabasha anakaa Papa Paluku, aliyekuwa gitaa la pili katika orkestra ya Papa Nyuzi Tano, mpaka walipogombana juu ya wimbo mmoja, kila mmoja akisema ni wake, na Papa Nyuzi Tano akamfukuza mbele ya watu. Hawakusemeshana tena tangu wakati huo (hili pia nalijua bila kuulizwa). Nilimkuta amesimama kando ya barabara, koti amelivaa nyuma mbele, analia kama mtoto. Muhindo akasimamisha.

"Papa, mimi nilitaka kusema..." nikaanza.

"Nyamaza, mama. Lia tu." Akaweka kiganja juu ya uso niliodarizi. "Ile wimbo ilikuwa yake. Nilijua. Miaka yote ile nilikuwa najua. Na ile siku alinifukuza mbele ya muke yangu, nimemusamehe. Yote nimesamehe."

Niambieni ninyi, mngesema nini? Mzee amebeba kitu miaka mingi hivyo, ameshakitua, na wewe umwambie akibebe tena? Nikalia kweli, sasa si vumbi. Wakampandisha kwenye pikipiki nyuma yetu, tukaendelea.

Tuliingia Beni na honi, wengine wanatembeza pikipiki zao kwa mapindi kama kawaida ya msiba mkubwa, maduka yanafunga mlango mmoja mmoja. Wale waliotupita walikuwa wamefikisha habari kabla yetu, tena kwa namna mbili. Kwamba Papa Nyuzi Tano amefia Butembo, hiyo nyumbani kwake hawakuisumbukia, kwa sababu alikuwa ndani amerudi misani na ananyolewa ndevu kabla ya karamu. Kwamba mjane wake wa Butembo anakuja na picha, hiyo waliisikia vizuri.

Mkewe, Mama Kyakimwa, alikuwa amesimama kwenye mlango wa uzio na mwiko wa bugali mkononi.

"Njo wewe ule mujane?"

"Mama, mujane ndiyo," nikasema, "mais ya mutu mwingine."

"Ya nani?"

"Ya Katembo, ya Bulengera. Alikufa."

"Na bwana yangu umemushika mu kifua juu ya nini?"

Swali zuri. Nyuma yangu motari zaidi ya mia wamevua kofia. Ndani ya uzio sufuria za karamu zinachemka, na nikasikia mama mmoja akisema taratibu kwamba bahati wali umeshaiva, watu wa msiba hawatangoja. Ndipo mzee mwenyewe akatoka, taulo shingoni, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu.

"Nani alikufa?" akauliza.

Mnajua kumtangazia mtu msiba kuna utaratibu wake, na huu haukuwa nao. Mwishowe Papa Paluku akasogea, akamtazama kuanzia povu mpaka miguu.

"Ni wewe."

"Mimi? Saa ngapi?"

"Asubuyi."

Mzee akafikiri. Papa Paluku akafuta machozi kwa mkono wa koti, akalivaa vizuri, uso ukabadilika.

"Sasa mimi nilisamehe marehemu," akasema. "Huyu hapana."

Watu wakaanza kucheka, kwanza motari, halafu uzio mzima, hata Mama Kyakimwa mwiko ulimtetemeka. Hapo ndipo mimi nikakaa chini, kwenye udongo, na kikwembe changu cha buluu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, lakini huyo nyani angalau anakufa akapumzika.

Papa Nyuzi Tano akaichukua kadri kutoka kwangu, akaishika mbali kidogo na macho kama wazee wanavyosoma. Kicheko kikaisha chenyewe. Akapitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye lile kovu dogo la kidevuni ambalo nililifumua mara tatu mpaka likakubali. Nilikuwa nimengoja hapo miezi minne, naweza kusema tangu harusi yangu, na sasa nilitaka asiseme kitu, aniache niende.

"Hii mwaka ya mwisho," akauliza, "nani alikuambia?"

"Papa, nilitaka batu bahesabu sabini."

"Bamehesabu."

Akamgeukia aliyekuwa anamnyoa, akachukua wembe, akaufuta povu kwenye taulo, akanipa.

"Fumua."

Nikafumua pale pale chini, tarakimu nne, uzi baada ya uzi, mbele ya watu wote wale, wakitazama kimya kama wako misani, na mzee amesimama juu yangu na shavu lake moja. Nilipofika kwenye kamstari akanizuia mkono.

"Ile acha. Na uzi usitupe, chunga." Halafu akainama, akaongea taratibu, lakini Muhindo alisikia, mwulizeni. "Siku yake ikifika, utakuja kumalizia wewe. Hapana mutu mwingine. Ninataka huu mukono."

Nikamwahidi nitakuja. Basi, neno langu nililipata.

Karamu ililiwa, na motari walikula pia, ilikuwa haiwezekani kuwarudisha na njaa baada ya kazi ile. Papa Paluku alikaa mbali, amegeuza mgongo, lakini hakuondoka, na mzee alipoanza kupiga, yeye akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba uzi wa pili umelegea. Papa Nyuzi Tano akaukaza. Picha ipo sebuleni kwao mpaka leo, juu ya redio, na ukisogea unaona matundu madogo ya sindano baada ya kamstari.

Mimi sasa uso wowote ninaoubeba naufunga kwa vikwembe viwili, umetazama ndani, hata ukiwa wa mtoto wa ubatizo, na miaka siiweki tena kwa mtu anayepumua. Ule uzi mweusi nimeukunja kwenye karatasi ya daftari, uko kwenye droo ya duka. Kila asubuhi redio ikisoma matangazo ya vifo naongeza sauti, nasikiliza mpaka jina la mwisho, ndipo nafungua mlango. Ahadi nilimpa, nami sitaivunja, lakini uzi huo namwomba Mungu uozee humo humo kwenye droo.