Nilimcheka mchumba wa dada yangu kwa mshahara nisioupata

Makosa ni yangu. Nimejaribu kuwagawia wengine lakini hayagawanyiki, kwa hivyo naandika.

Baba alipofariki nilibaki mimi mkubwa wa boma, hapa karibu na Maua. Mchumba wa dada yangu Kagendo akaja kwangu na wazee wawili. Alikuwa Mwembu wa Kibugu, karani wa kiwanda cha chai. Alileta ncoolo, kile kifungu cha miraa cha kuombea msichana, na alikuwa amekifunga kwa majani ya mgomba vizuri kuliko vijana wetu wengi. Hilo lazima niseme.

Nikamuuliza anapata ngapi kwa mwezi.

"Elfu ishirini na mbili, shemeji."

Nikacheka. Mimi ni mtunza stoo, na payslip yangu pale juu, penye neno gross, imeandikwa elfu thelathini na moja. Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya Biblia kama cheti.

"Hiyo yako ni ya kununulia kuku chakula," nikamwambia. "Mimi ni thelathini na moja."

Akauliza kwa heshima, "Na hiyo, shemeji, ni kabla ya makato?"

"Makato ni mambo ya ofisi. Mshahara ni mshahara."

Mjinga hujibu haraka. Nilidhani ile mistari ya makato chini ya payslip ni pesa ofisi imenishikia, siku moja itarudisha. Mama alinishika mkono, nikautoa. Nikamrudishia ncoolo yake bila kuifungua, na kwetu huko ndiko kukataa. Kagendo alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Akageuka nayo jikoni.

Mwaka uliofuata Kagendo aliniomba nauli ya kwenda Kiirua kutafuta kazi. Nikasema sina.

"Na thelathini na moja?"

Nikampa payslip nijitetee. Akaisoma kwa kidole: ushuru, bima ya afya, pensheni, mkopo wa sacco. Mkopo niliuchukua mwenyewe, siwezi kulaumu serikali. Kidole kikafika chini: elfu kumi na tisa.

"Yeye alikutajia ya mkononi," akasema. "Wewe ulimtajia ya karatasi."

Yule mtu ameshaoa kwingine. Kagendo yuko kwa mama bado. Ananiita Bwana Gross mbele ya watoto wangu, na wao wamezoea.

Wewe unayepiga kifua kwa mstari wa juu, huo ni mshahara ghafi, kabla wenye kukata hawajakata. Haujawahi kulala mfukoni mwako hata siku moja. Soma hadi chini. Na mtu akikutajia kidogo bila aibu, usicheke. Siku ile kwetu, ni yule karani peke yake aliyejua anachopata.