Kocha Josephat na Glovu za Upako

Josephat Chenge wa Mkolani alikuwa na mke mmoja, duka la vipuri vya baiskeli, na hamu moja iliyomtafuna kama mchwa kwenye fremu ya mlango: kukaa kwenye kiti cha mzee wa kanisa. Si benchi. Kiti. Vile viti vinane vya mbele vyenye mito myekundu, vinavyotazamana na waumini, ili mzee akisinzia, asinzie kwa heshima. Mara mbili jina lake lilipendekezwa, na mara mbili likapotea kama begi stendi ya Buzuruga.

Mwaka huu Mchungaji Jonathan alimkabidhi timu ya vijana, ambayo kila Pasaka hucheza fainali moja tu na kanisa jirani la Buhongwa. "Lete Kombe la Pasaka hapa," akamwambia, "na kile kiti alichoacha mzee wetu marehemu ni chako. Tunakusimika Jumapili inayofuata."

Mtu mwingine angekimbilia kutafuta mipira. Josephat alikimbilia kwa fundi kushona suti.

Suti ya kijivu, ya vifungo vitatu, akaijaribu mara nne. Akaandika na hotuba ya shukrani, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yake yote, na lazima tukiri kwamba yalifanyika kwa ustadi mkubwa.

Vijana nao waliitwa uwanjani kila saa kumi jioni, wakapiga magoti. Josephat aliomba dhidi ya mabeki wa Buhongwa, dhidi ya winga wao wa kushoto, na dhidi ya mama aliyemzaa winga huyo na mbio zote zile. Jua likikaribia kuzama ndipo mpira unaguswa, dakika kumi hivi, kisha amina, kila mtu kwao.

"Kocha," alisema Obedi, fundi mstaafu wa injini za mitumbwi aliyetunza jezi za timu, "hawa hawajajifunza hata kupiga kona."

"Ndugu Obedi, wewe habari zako ni za injini."

"Hata injini niliiombea. Lakini niliijaribu kwanza nchi kavu."

Kule Buhongwa, mwalimu Selina aliombea timu yake nusu dakika, akasema, "Amina, haya pandeni mlima." Vijana wake wakapanda mbio kwenye mawe mpaka wakatapika, kesho yake wakarudi.

Jumatano ya wiki ya fainali Josephat akatangaza mfungo wa siku tatu, mpaka mechi iishe. Maji tu.

"Baba Rebeka," mkewe Justa alimwambia mezani, "hao ni watoto wa watu. Jumamosi watakimbia na nini?"

"Na nguvu itokayo juu," alijibu Josephat, akichambua kichwa cha sato. Yeye alikuwa amesamehewa mfungo kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Vilimwanza Jumatano hiyohiyo.

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua likichoma, vijana waliingia uwanjani wakitembea kama watu wanaotoka kuzika. Josephat akamwita kipa wake, Antoni, akatoa chupa ya mafuta ya upako na kuimimina yote juu ya glovu zake.

"Kocha, samahani, lakini mpira si utateleza?"

"Kinachoteleza ni imani yako."

Dakika ya nne beki wa Buhongwa alibutua mpira toka katikati ya uwanja, bila nia mbaya na mtu. Ukamfikia Antoni kifuani taratibu. Akaudaka vizuri kabisa, nao ukamponyoka kama kambale, ukapita kati ya miguu yake na kuingia golini. Wa pili ulikuwa hivyohivyo. Kufika wa tano, mashabiki wa Buhongwa walikuwa wanaimba, "Kipa, kanawe! Kipa, kanawe!"

Kisha beki wa kati wa Mkolani akaanguka chali. Akina mama wa kanisa wakajua ameshukiwa na Roho, wakaanza pambio na makofi. Walifika ubeti wa pili kabla mtu hajagundua kwamba kijana amezimia kwa njaa.

Obedi ndiye aliyembeba. Chini ya kivuli cha ukuta alikuwa na ndoo ya uji wa ulezi alioupika tangu asubuhi, na vikombe kumi na viwili.

"Unawavunjia mfungo!" Josephat alipiga kelele.

"Mfungo umeshawavunja wao," alisema Obedi, akiendelea kumimina.

Antoni alikunywa vikombe viwili, akikishika kila kimoja kwa viwiko. Mchezo ukaisha kumi na moja kwa bila.

Jumapili Josephat alivaa suti hata hivyo. Alijiambia kwamba mchungaji ni mtu wa rehema. Akakaa benchi la mbele, mgongo wima, mpaka jina liliposomwa: Obedi.

Obedi alisimama amechanganyikiwa, na shati la mikono mifupi. Na kanisa lile halimsimiki mzee asiye na koti. Mchungaji akaangaza macho kulia, kushoto, yakatua.

"Ndugu Josephat, msaidie mwenzako."

Koti likamkaa Obedi kama alipimiwa yeye. Justa akapiga kigelegele kirefu kuliko wote. Josephat akarudi benchini na suruali yake ya kijivu, shati limelowa mgongoni.

"Mzee Obedi, neno moja kwa waumini," alisema mchungaji.

Obedi, ambaye maisha yake yote alihutubia injini tu, alipapasa mifuko akitafuta leso. Akatoa karatasi. Akaifungua, na kwa kuwa alikuwa mtu mtiifu na alidhani ndiyo desturi ya kusimikwa, akaisoma yote, kwa sauti, polepole:

"Ninapopokea kiti hiki nilichostahili tangu zamani, namshukuru Mungu kwa kombe hili, na kwa jinsi nilivyowaandaa vijana hawa mimi mwenyewe."

Aliyeanza kucheka alikuwa Antoni.