Nyangumi na Mtoto Asiyesemwa

Mama alinipigia simu asubuhi, nikiwa chumbani kwangu Usagara, mjini, nimekaa mbele ya ukurasa uleule kwa siku ya tisa.

"Wewe huna kazi," alisema. Hakuuliza. "Nenda Mwera ukakae na dada yako."

Kwa mama, kuandika riwaya si kazi. Ni jambo mtu analolifanya huku akitafuta kazi. Nilitaka kubisha, lakini sauti yake ilikuwa imepoa kuliko kawaida.

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Nenda tu."

Nikaelewa. Kwetu mimba haisemwi. Huzungukwa: fulani siku hizi hali vitunguu, fulani amepumzika kwenda shamba, fulani haumwi. Dada alikuwa ameshapoteza mbili. Ya kwanza tuliishangilia mapema mno, hata shangazi yetu wa Tongoni alishaleta kanga na kapu la vitu vidogo vidogo. Ya pili ilinong'onwa, nayo ikatoka. Hii ya tatu hakuna aliyethubutu kuitaja hata kwa mnong'ono. Nilichojua ni kwamba mkunga wa zahanati alimwamuru akae, asibebe ndoo, asiiname, mpaka siku zikaribie apelekwe mjini. Nyumba mbili, ya kwetu na ya ukweni, zilikuwa zikiisubiri siku hiyo kwa midomo iliyofumbwa.

Nilimkuta barazani. Nyumba ya wakwe zake iko juu ya kilima kidogo, nyuma minazi, mbele hakuna kitu isipokuwa ghuba, na mbali kidogo mstari mweupe pale mawimbi yanapovunjikia mwamba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, amevaa dera pana ambamo wangeingia watu wawili.

"Usinitazame," alisema kabla sijamsalimu.

"Nisikutazame wapi?"

"Unajua wapi. Tazama bahari."

Basi nikatazama bahari, na ndivyo nilivyowaona. Kwanza nilidhani ni ngalawa iliyopinduka, kitu cheusi, laini, kimelala juu ya maji. Kisha kile kitu kikapumua. Ukungu ukapanda juu, ukasimama kidogo, ukachukuliwa na upepo wa kusi. Na ubavuni mwake, kama mtu aliyekumbuka kitu kwa haraka, kikatoka kimgongo kidogo na kipumzi chake kifupi.

"Ah! Tazama katoto kalivyonona!" nilipiga kelele, mkono umeshanyooka.

"Mashallah!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Mama mkwe wa dada alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua uso. "Sema mashallah, mwanangu. Na kidole ukikunje. Hata boga changa halinyooshewi kidole, sembuse mtoto wa watu."

"Shikamoo mama. Mashallah."

"Marahaba. Unaandika vitabu, lakini mdomo wako hauna breki."

Dada alicheka kwa pua. Mimi nikakunja kidole, kama mtoto.

Walikuwa wamefika wiki moja kabla yangu. Kila mwaka wakati wa kusi nyangumi hupanda kutoka kwenye bahari za baridi huko kusini kabisa, huja kuzalia kwenye maji yetu ya vuguvugu, na baadhi ya akina mama huingia ndani ya mwamba na watoto wao, mahali pasipo na mawimbi, wakapumzike. Nilikuwa nimetazama kwenye simu video za nyangumi wa kijivu wa ng'ambo, wanaozalia kwenye maghuba ya maji machache. Mama anamleta mwanawe hadi kwenye boti, watu wanamkuna kichwa. Nilimwonesha dada.

"Na sisi tungeenda pale," nilimwambia. "Nahodha jirani ana boti. Nusu saa tu."

"Hao wa kijivu ni wa wenyewe na mila zao. Hawa wetu waache. Wewe ungezaa, ukataka watu waje wakushike kichwa?"

Niliirudisha simu mfukoni. Lakini kukaa sikuweza. Dada aliweza: tangu asubuhi hadi adhuhuri, mguu mmoja juu ya kigoda, tasbihi mkononi. Nilidhani anaomba. Siku ya tatu ndipo nilipogundua anafanya nini. Kila mara mtoto wa nyangumi alipotoka kuvuta pumzi, dada alisukuma punje moja. Nyangumi mama aliweza kukaa chini ya maji muda mrefu, robo saa hata zaidi. Mtoto hakuweza, mapafu yake bado madogo. Alitoka, akazama, akatoka tena. Akichelewa, kidole cha dada kiliganda juu ya punje, na mkono wake mwingine, bila yeye kujua, ukateremka tumboni.

"Unahesabu viumbe, na kwetu viumbe havihesabiwi," nilimwambia.

"Nahesabu pumzi," alijibu. "Pumzi si kiumbe."

Mama mkwe alisikia, wala hakumkemea. Nadhani na yeye alikuwa akihesabu.

Mimi nilitoka barazani nikaenda kisimani, nikatoka kisimani nikaenda ufukweni, nikarudi. Nilifungua daftari, nikalifunga. Nilisonga bada, ugali wa muhogo, mpaka mama mkwe akaninyang'anya mwiko, akisema naipiga kama inanidai. Kulikuwa na sehemu moja tu yenye mtandao, kwenye kona ya ua nyuma ya jiko, na nilisimama pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilitamani kitu kitokee. Namwomba Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa: pale kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakimwomba Mungu kisitokee kitu, na mmoja aliyetamani kitokee.

Siku ya sita kikatokea. Mtoto alianza kuruka. Alitoka majini mwili mzima, mikono yake mirefu myeupe imetanuka, akaanguka ubavu, maji yakapasuka. Akaruka tena. Na tena. Mama yake alikuwa pembeni ametulia, kama mwanamke anayefua huku akimwachia mwanawe acheze na povu. Nilichukua simu nikarekodi. Dada aliinuka nusu kwenye kiti, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi yake, akasema neno ambalo sikulitilia maanani.

Nilirudi kwenye ile kona nyuma ya jiko, nikaiweka video kwenye status yangu ya WhatsApp. Niliandika chini yake: "Mama na mwana, Mwera. Nani kasema kwetu hakuna maajabu?" Nikaitazama mara mbili bila sauti. Nilikuwa nikiangalia mwanga juu ya maji, nikifikiria sentensi. Kisha nikaenda kula.

Alasiri niliporudi pale simu ilitetemeka mfululizo. "Hongera ya dada!" "Kumbe! Mbona mlituficha?" "Miezi mingapi?" Mshairi mmoja rafiki yangu, ambaye hata hamjui dada, aliandika: "Sauti ile ni shairi." Sauti gani? Nikaifungua video, nikaongeza sauti. Kusi inavuma, maji yanapasuka, na juu ya yote dada yangu, wazi kama mtu aliyepewa kipaza sauti: "Tazama! Na wangu anaruka hivyohivyo, tangu alfajiri hajanipumzisha!"

Nilifuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi wa Tongoni alikuwa ameshanitumia ujumbe wa sauti, vigelegele vitupu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kabla sijapanga maneno, nikasikia simu ya mama mkwe inalia barazani.

"Aleikum salaam… Ahsante. Ahsante… Hongera ya nini?" Akaibana simu sikioni. "Nani kasema?"

Nilipotokea mlangoni wote wawili walikuwa wakinitazama. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, mimi ambaye maneno ndiyo mtaji wangu, nilitafuna kila sentensi mara mbili.

"Wangapi wameona?" dada aliuliza.

"Nimeshaifuta."

"Sijakuuliza hilo."

Mama mkwe hakufoka, na bora angefoka. Aliingia ndani akatoka na chetezo, akatia makaa na ubani, akamzunguka dada polepole huku midomo ikisoma. Alipofika kwangu alisimama. "Na wewe sogea. Huenda na hilo jicho lako linahitaji kufukizwa."

Asubuhi yake zilikuja boti. Video ilikuwa imeshanakiliwa na kutumwa nisikokujua. Boti mbili za injini zilitokea upande wa Pangani, zimejaa watu wameinua simu, na ya tatu ikafuata nyuma. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka nilichokitaka mimi, kusogea karibu. Zilizunguka, moja ikapita katikati ya mama na mwanawe. Mama alipiga maji kwa mkia, mlio ukafika mpaka barazani. Mgongo mkubwa ukazama. Mtoto akatoka upande wa pili wa boti, akavuta pumzi, akatoka tena mbali zaidi. Baada ya hapo maji yalikuwa matupu.

Kidole cha dada kikaganda juu ya punje.

Boti ziliondoka. Jua likapanda. Ilipofika adhuhuri dada aliiweka tasbihi juu ya kigoda, akaingia ndani, akalala ameelekea ukutani. Mama mkwe alimpelekea uji, akarudi nao kikombe kimejaa.

"Anasema tangu asubuhi hajacheza," aliniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kumtaja mtoto, na alimtaja bila kumtaja. "Nenda kamwite mkunga. Kimbia."

Nilikimbia. Zahanati iko ng'ambo ya shamba la minazi, na njia nzima nilijiambia kwamba mimi ni mtu niliyesoma, kwamba jicho halina mkono, kwamba mtoto aliye tumboni hajui habari za status. Hakuna hata moja lililoingia. Mkunga alipanda nyuma ya pikipiki na mkoba wake. Mimi nikarudi kwa miguu, nikifuata vumbi lao. Nilipofika alikuwa ameshatoa kile chombo chake cha mti cha kusikilizia tumbo, kama tarumbeta ndogo, anamwambia dada alale chali.

"Wewe kaa nje," mama mkwe alisema, akafunga mlango.

Nje ni wapi? Baraza lilinifukuza, ua ukanifukuza. Nikateremka ufukweni nikaelekea kusini, nusu natembea nusu nakimbia, macho majini. Nilijua ninachokitafuta na nilijua ni upuuzi. Kama kale katoto kako hai, basi na wa dada… Nikapita majabali, nikapita mahali wanawake wanapochimba chaza, nikafika mwisho wa ghuba ambapo maji hubadilika rangi. Upepo ulinipiga usoni. Nikasimama. Nikahesabu mawimbi, nikaacha kuhesabu. Hapakuwa na kitu. Nikageuka nirudi, na nilipogeuka nikasikia.

Pumzi. Ndefu, ya chini, kama mtu mzima anayeketi baada ya safari. Kisha, haraka nyuma yake, fupi.

Walikuwa karibu na mwamba, kwenye kivuli cha wingu. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumwonesha, wala mtu wa kunikemea, na bado niliushusha. Simu ilikuwa mfukoni. Nilisema mashallah kwa sauti, peke yangu. Kisha nikakimbia kama mwizi.

Mkunga alikuwa mlangoni ananawa mikono, mama mkwe anammiminia maji.

"Anadunda vizuri tu," alisema alipoiona sura yangu. "Alilala. Kwani wao hawachoki? Jana karuka kutwa nzima."

Mama mkwe alikuwa akimimina maji chini, mikono ya mkunga ilishatoka zamani.

Niliingia chumbani. Dada alikuwa amekaa kitandani, macho mekundu, kikombe cha uji mkononi. Nilikuwa na habari iliyonichoma ulimi. Nilikuwa nimeshaitafutia sentensi yake ya kwanza njiani, na ilikuwa sentensi nzuri. Nikakaa kwenye mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Mwera nilikaa bila kuinuka.

"Ulikwenda wapi?" aliuliza.

"Ufukweni."

"Umeona nini?"

"Nimeona bahari."

Alinitazama muda mrefu. Dada ananijua tangu sijui kuficha hata embe. Kisha akanipa kikombe, akanyoosha mkono.

"Niletee tasbihi yangu."

Nikaiendea pale juu ya kigoda, nikamletea.

Haya nayaandika kwa ruhusa yake. Arobaini ya uzazi imetimia nyumbani kwa mama, naye dada amesharudi Mwera, nami nimemfuata, na siku aliporudi aliniambia niandike, kwa kuwa nisipoandika nitaumwa. Aliweka sharti: nisitaje jina la mtu yeyote, na nisieleze mtoto yukoje. Basi sielezi. Nitasema tu kwamba upepo wa kaskazi umeanza, ghuba ni tupu, na yupo mtu pale nyumbani ambaye hapendi kutulia. Akilia mchana, wenzangu humwimbia au humpakata. Mimi humpeleka barazani, nikamwelekeza uso upande wa mwamba, nikasimama naye, mkono wangu mmoja chini ya shingo yake, na mwingine nimeukunja.