Mringaringa wa Fabiano

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyumbani kwetu Singe kulikuwa na mti uliokunywa maji ya wageni. Mgeni akishanawa mikono baada ya chakula, maji yale hayakumwagwa mlangoni. Niliyabeba kwenye beseni la bluu hadi kwenye mringaringa uliosimama katikati ya kiwanja chetu, mzee kuliko nyumba na kuliko Baba. Ulipochanua, maua yake meupe yalidondoka taratibu hata pasipo upepo, uwanja ukawa kama umetandikwa kitambaa cha altare, na nyuki wakavuma kutwa nzima. Hata leo nikisinzia mchana naisikia ile sauti, na kwa kitambo kidogo sijui kama mimi ni mtoto au ni bibi wa watu.

Bibi yetu, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na sheria za mti ule. Ya kwanza, maji yasimwagwe shinani. Yamwagwe pale kivuli kinapoishia jua likiwa utosini. Siku moja nilifanya uvivu, nikayamwaga shinani ili niwahi mchezo. Akaniita.

"Agnesi, una kiu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi njoo nikumwagie maji kisiginoni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Mdomo wa mti uko kwenye ncha za mizizi," akasema.

Sheria ya pili ilinitisha. Kitovu changu kilizikwa kule Mbulu tulikotoka, lakini cha mdogo wangu Fabiano ndicho kilichozikwa hapa, chini ya mringaringa. Kwa hiyo mti ni wake, alisema Bibi, na mti wa mtu haukatwi mwenyewe akiwa hayupo nyumbani. Ukikatwa naye yuko nje, haoni tena njia ya kurudi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Upepo ulishuka kutoka mlima Kwaraa, mkavu, wenye baridi asubuhi, ukatupasua midomo. Mringaringa ukaanza kudondosha majani ambayo hayajakomaa. Tawi moja kubwa, lile lililoinamia paa, likakauka kabisa. Na siku hizo hizo Fabiano, aliyekuwa na miaka minne, akaanza kukohoa na kuchemka mwili. Mama akamfunga mgongoni kwa kitenge, akampeleka hospitali mjini, wakalazwa huko.

Baba alikuwa mwalimu wa dini kigangoni. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba mti unamvuta mtoto, na maneno hayo yalimchoma kuliko jua.

"Jumamosi wanakuja wapasua mbao," alisema jioni moja tukiwa tunakula. "Tawi lile litatuangukia usingizini. Na haya maneno nayo yaishe."

Bibi akaweka tonge chini. "Baba Agnesi, mwenye mti yuko hospitali."

"Mama! Mimi nafundisha watoto wa watu amri ya kwanza ya Mungu, halafu kwangu mti una mwenyewe na una masharti?"

"Sijauabudu. Nimeunywesha. Hata punda wako namnywesha kila siku, umewahi kunisikia nikimsalia?"

Baba alitaka kucheka, akaficha kicheko ndani ya mchicha.

Mimi sikupata usingizi mzuri tangu jioni ile. Akilini mwangu mambo yalikuwa wazi kama hesabu ya kujumlisha: mti ukianguka, Fabiano harudi. Nikawa naubeba mzigo huo peke yangu. Maji ya kuoshea vyombo, ya kuoshea mchele, ya kunawia uso, yote niliyapeleka pale kivuli kinapoishia, na kivuli chenyewe kilikuwa kimechakaa, kimejaa matundu ya jua. Nakiri kwamba niliposali Salamu Maria niliutazama mti, sikuutazama msalaba. Padri aliniambia baadaye kwamba Mama Maria hakosi kusikia kwa sababu mtoto ameangalia pembeni. Nilimwamini, ingawa jambo hilo bado hunijia na kunisuta.

Mchana mmoja nililala chini yake, mgongo kwenye majani makavu. Nikasikia kitu kikipanda ndani ya shina polepole, kama mtu anayemeza maji kwa koo linalouma. Nikamwona Fabiano ameketi juu kabisa, ananing'iniza miguu, hana homa. Nikamwambia ashuke. Akasema, "Bado nakunywa." Nilipoamka shavu langu lilikuwa na alama za majani, na Bibi alikuwa amesimama juu yangu na beseni. Nilimsimulia. Hakuifasiri ndoto ile. Alinipa beseni tu.

Jumamosi wakaja wanaume wawili na msumeno ule mrefu wa kuvutana. Mmoja akaupapasa mti kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Mwalimu, hapa vitanda vimelala. Tunaanzia shinani?"

 Baba alisogea, akaweka kiganja chake kwenye gome, akakiacha hapo. Nilikuwa nimeshika beseni tupu, nalibana tumboni.

"Kateni lile tawi kavu tu," alisema mwishowe. "Mti wenyewe, nitauliza tena mvua zikinyesha."

"Utamwuliza nani, Mwalimu? Si kiwanja chako?"

"Mwenyewe yuko hospitali. Ana miaka minne."

Wakacheka, wakamtazama usoni, wakaacha kucheka. Bibi naye akatoka jikoni akipiga kelele, "Anzeni kukata kwa chini kidogo! Msiliache tawi likachuna gome! Na msiukwangue mwili wake, acheni ule uvimbe pale lilipoota!" Yule mwenye maneno mengi akasema bibi huyu angefaa kuwa bosi wa msitu. Lakini walimtii.

Fabiano alirudi juma lililofuata, mgongoni kwa Mama, mwembamba, masikio makubwa. Bibi alimpokea na kumpeleka moja kwa moja kwenye mti, akamwekea mkono wake mdogo kwenye gome. Mvua ziliponyesha mringaringa ukachipua. Bibi hakusema "niliwaambia," na Baba hakuuliza tena.

Sasa Bibi, Baba na Mama wamelala makaburini pale kigangoni. Singe imejaa nyumba na bodaboda, na mimi ndiye niliyebaki na mti. Sikuutunza vizuri. Wakati wa sherehe ya kumuaga binti yangu nilitaka uwanja upendeze, nikauzungushia shina kizingo cha matofali, nikajaza udongo na samadi, nikapanda maua. Watu walisifu sana, nami nikajisikia. Kiangazi kilichopita mringaringa ukaanza kudondosha majani mabichi, kama mwaka ule.

Fabiano akaja kutoka Arusha na futi ya kupimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akapima, akazunguka, akapima tena. "Dada, mti umeshazeeka. Hapa vinatoka vyumba vinne vya kupangisha. Utaacha kuhangaika na mboga sokoni."

 Mara hii hata sheria ya Bibi haikuwa upande wangu, maana mwenye mti alikuwepo nyumbani. Nikapika ugali na kambare wa ziwani, tukala.

Alipomaliza kula, mjukuu wangu akamletea maji. Akanawa. Mtoto alipotaka kwenda kuyamwaga mlangoni, Fabiano akamshika mkono, akachukua beseni, akatoka nje. Alisimama juani akiangalia chini, akiangalia juu.

"Dada, siku hizi kivuli kinaishia wapi?"

Nikamwonyesha. Akamwaga polepole. Kisha akauangalia mti na kizingo changu, akasema, "Na hii kola ya shingoni umemvalisha nani?" Akaomba jembe. Tulitoa udongo wote hadi mizizi ya juu ikaonekana na gome la shinani likapata hewa. Lilikuwa limelowa na kuanza kuoza upande mmoja. Maua yangu niliyahamishia nyuma ya jiko.

Alipokuwa anapanda bodaboda kwenda stendi, nilimwuliza kuhusu vyumba.

"Nitauliza tena mvua zikinyesha," akasema.

Nilishika ukingo wa lango. Maneno hayo Baba aliyasema mara moja tu, na siku hiyo Fabiano alikuwa kitandani hospitali. Sikuwahi kumsimulia.

Mimi namwabudu Mungu peke yake, na kitovu ni kipande cha ngozi kinachooza kama ngozi nyingine. Lakini naanza kufikiri kwamba Bibi aliufunga ule mti kwa mtoto ili sisi tusiweze kuukata kwa hasira, na akamfunga mtoto kwenye mti ili kila siku awepo mtu wa kuubebea maji. Mvua bado hazijaja. Jioni hii mgeni wetu amenawa, na mjukuu anaelekea uwanjani na beseni, akitafuta kwa vidole vya miguu mahali ambapo ardhi inaanza kuwa ya moto, pale kivuli cha adhuhuri kilipoishia.