Stata mpya ya pikapu yetu hapa Kisegi

Marafiki, leo nusura nirudi nyumbani bila kazi.

Mnaijua pikapu kuukuu ya chama chetu cha wavuvi. Kila asubuhi lazima isukumwe. Mimi, karani mgeni, nikamwomba Mama Mwenyekiti anunue stata yenye nguvu, ile mota ya kuwashia injini, nitaifunga mwenyewe. Akasema, "Isipowaka, kijana wangu, tutatafuta karani mwingine."

Leo nimeifunga. Nikatoa waya mwembamba wa zamani, nikavuta waya mnene kutoka betri hadi stata. Nikakagua tena na tena mpaka Ouma, dereva wetu, akaniuliza, "Karani, hiyo ni stata ama ni bomu?"

Nikaingia, nikashika usukani. Akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameshajipanga nyuma kwa mazoea, tayari kusukuma.

Nikazungusha ufunguo.

Sasa, pikapu ya kusukumwa huachwa kwenye gia ya pili. Stata ya zamani haikuweza hata kuitikisa. Hii mpya, gia ikiwa bado imeingia, iliisukuma pikapu nzima mbele! Nilikagua kila waya, gia sikukagua.

Akina mama wakabaki wameshika hewa. "Yawa! Inaenda yenyewe!"

Ikaruka, ikaruka tena, ikasimama imebana mlango wa ofisi.

Mama Mwenyekiti alikuwa ndani.

Dirisha la ofisi likafunguka polepole. "Karani, imewaka?"

"Bado, Mama. Lakini imefika."

Alicheka mpaka akaketi. Ouma akatoa gia, nikajaribu tena, ikawaka papo hapo.

Kazi ninayo. Jina ndilo sina tena: soko zima sasa linaniita Imefika.

Haya, chekeni.