Compte yenye iliitwa Maman Graciella

Maman Émérance Nabintu eko na cinquante-huit ans, miaka hamsini na munane, anakaa Laeken, huku Bruxelles, étage ya tatu, jengo haina ascenseur, ni ngazi tu. Miaka dix-neuf sasa anaogeshaka bazee mu maison de repos moja kule Auderghem: anainua, anageuza, anakausha, anavalisha soksi. Magoti yake iliisha. Docteur alimuambia aombe mi-temps, nusu ya kazi, yeye akamucheka mu macho. Nusu ya mushahara na loyer ya nyumba ya Bruxelles, docteur, unanitaniya?

Sasa muulize kama eko na crypto, ile franga ya ku internet. Atasema hapana, crypto ni mambo ya bijana. Na kumbe eko nayo tangu 2019.

Nitasema wazi, juu kila siku nasoma bantu banaandika sawa vile crypto inakaaka tu mu téléphone ya bijana wa kujionyesha na motokari ya kukodisha. Kwetu huku Bruxelles ilipita mu chorale yetu ya kanisa, ya Bakongomani. Mwenye aliileta ni Tonton Onésime, ténor. Wakati ule alikuwa anatumika ku usine ya motokari kule Forest, ile yenye ilifungwa mu 2025, na saa ya pause, ya kupumuzika, alikuwa anaangalia video. Siku moja kisha répétition, mazoezi ya kuimba, akasimama: «Bandugu, kila muntu aniletee kidogo kila mwezi, miye nitabafungulia compte ya crypto.»

Wakati ule kufungua compte ilikuwa jina na e-mail, basi. Hakuna kitambulisho, hakuna picha ya uso. Tonton akaandika majina vile iko mu téléphone yake. Na mu téléphone ya Mukongomani mwenye heshima, nani anaandikwaka na jina ya ku karatasi? Papa Josias. Maman Mignonne. Maman Doudou. Compte onze, kumi na moja, na hata moja haina jina yenye commune, serikali ya mutaa, inajua. Émérance akakuwa Maman Graciella, juu njo vile bote tunamuitaka, tangu Bukavu.

Miaka ikapita. Bei ikapanda, ikaanguka, ikapanda. Émérance alikuwa anatoa kidogo yake kila mwezi, anampa Tonton, anaenda kuimba.

Kisha sheria ikafika. Ulaya iliandika sheria juu ya crypto, inaitwa MiCA, na Belgique inafuata. Kwa kifupi: plateforme yenye inataka kufanya kazi na bantu ya huku lazima ikuwe na ruhusa, lazima ilinde franga ya client, na pamoja na sheria zingine za kuzuia franga chafu, lazima ijue client ni nani. Plateforme yenye Tonton alitumia, jina yake siandike, habanilipe, ikataka kubaki mu sheria. Ikatumia kila muntu e-mail: leta carte d'identité, kitambulisho, mbele ya 15 juin. Kama jina ya compte haifanane na ile ya carte, tunafunga compte, franga inabaki ndani.

Dimanche ile, kisha misa, salle ya nyuma ya kanisa ikakuwa soko.

«Tonton Onésime, kuya hapa!» Ilikuwa Maman Mignonne, eko na lunettes ya macho ku nywele na téléphone mbali na uso. «Banasema sifanane na miye.»

«Ni sheria, maman. Haiko miye.»

«Nani aliandika jina? Sheria njo iliandika?»

«Nilikuwa nijue wapi? Miaka vingt nakuita Maman Mignonne. Jina yako ni nani?»

«Thérèse.»

«Ah bon?» Tonton akamuangalia kutoka chini mpaka juu. «Haufanane na Thérèse hata kidogo.»

Bantu bakacheka mpaka Papa Josias akaanza kukohoa. Miye, kijana wa chorale, nikakaa na ma téléphone yabo, moja moja. Piga picha ya carte. Geuza uso kushoto. Geuza kuume. Usicheke, papa, machine haipende. Badirisha jina. Dakika dix, kumi, kwa muntu. Mbele sahani ziishe kuoshwa, compte dix zilikuwa zimepona.

Ya onze ni ya Maman Graciella. Alisema téléphone yake imekufa batterie. Kisha nikamuona ku ngazi, anasikiliza audio ya WhatsApp ku ile ile téléphone.

Nikangoja semaine mbili, juma mbili nzima. Sina tabia ya kungoja. Mardi moja, siku yake ya kupumuzika, nikapanda zile ngazi zake na hasira yangu yote. Akanipa chai, akanipa mukate na margarine, akakaa, akanyoosha muguu moja juu ya kiti.

«Maman, ni dakika dix.»

«Najua.»

«Quinze juin ikipita, franga yako inabaki ndani. Ile yenye ingekusaidia kupunguza kazi.»

«Najua, mutoto.»

Nikamupatia hotuba. Nikamukumbusha Maman Mathilde, alto wa chorale, mwenye aliweka akiba yake yote ku site moja ya mbele ya sheria: haikuwa na adresse, haikuwa na mwenyewe, asubui moja haikufunguka tena, na hakukuwa hata muntu wa kushitaki. Tulimushika Maman Mathilde mabega tukiwa batatu. «Sheria hii inaandikwa juu ya bantu kama yeye. Inauliza jina juu mwizi hana jina. Weye hauko mwizi. Andika jina yako, tumalize!»

Hakukasirika. Akafungua téléphone, akagusa application, akanisongezea.

«Soma hapa juu.»

«Bonjour, Maman Graciella.»

«Bon. Hapa Belgique, unajua karatasi ingine yenye inaniita vile?»

Nikabaki na mukate mu mukono.

Nilikuwa najua kama Graciella alikufaka. Kila muntu mu chorale anajua, hakuna mwenye anaulizaka. Sikujua zingine. Alikuwa mutoto wake wa kwanza. Alizaliwa Kadutu, kule Bukavu, mu 93, akakufa na homa mu 98, ile semaine yenye vita ilifunga njia na dawa haikupita. Alikuwa na miaka mitano, cinq ans. Picha zake zilibaki mu nyumba, na nyumba ikaporwa. Mu 2003 Émérance akafika huku na Cédric, mutoto wa pili, mwenye leo anaendesha camion kule Liège. Mu interview ya kuomba asile, ya bakimbizi, interprète mwenye kutafsiri akamuuliza: uko na batoto ngapi?

«Aliniuliza niko nabo ngapi,» akaniambia. «Nilikuwa naogopa sana kudanganya siku ile. Nilikuwa na moja. Nikasema moja. Muzungu akaandika moja. Kisha ku commune moja, ku mutuelle ya matibabu moja, ku kazi moja. Haiko sheria njo ilimutosha, mutoto wangu. Ni miye, na kinywa yangu.»

Akavuta téléphone, akaipanguza na kitenge.

«Asubui, mu métro, mbele nifike station ya Arts-Loi kubadirisha métro, nafunguaka ile kitu. Inanisalimia. Nafunga. Franga iko ngapi ndani sijuake.»

Miye ni muntu wa maneno mingi. Siku ile nilimaliza chai.

Lakini deadline haina roho. Nikaandikia service client ya plateforme: client anaweza kubakia na jina yenye bantu banamuita? Jibu ikakuya haraka: jina lazima ifanane na kitambulisho, isipokuwa kama client analeta document rasmi yenye inaeleza tofauti. Nikamusomea mu téléphone, na nikajuta palepale.

«Document rasmi,» akasema. «Donc nikipata karatasi yenye inasema miye njo mama ya Graciella, banaacha jina?»

«Hapana, Maman. Ile ni kwa bantu bamebadirisha jina juu ya ndoa, mambo ya vile.»

«Uliuliza?»

«Sikuuliza, lakini najua.»

«Haukuuliza. Acha, sasa.»

Akamupigia ndugu yake mudogo, Anaclet, Bukavu: enda paroisse, ku kanisa yetu, tafuta registre ya batizo, mwaka 93. Huyo Anaclet, simujui, lakini mwezi ule nilijua sauti yake kuliko ya mama yangu, juu Maman alikuwa ananitumia kila audio. Ya kwanza: secrétaire wa paroisse ameenda ku kilio, ku matanga, arudie lundi. Ya pili: secrétaire amerudia, lakini armoire, kabati ya bitabu, imefungwa, ufunguo iko na padri. Ya tatu: maji iliingia mu toiture, ku paa, mwaka fulani, 92 iko, 94 iko, 93 haionekane. Miye nahesabu siku. Yeye anauliza Anaclet kama alivaa koti, juu saa hizi asubui ya Bukavu iko na baridi.

«Maman, iko le 9 juin. Tubadirishe jina sasa, karatasi itafika kisha.»

«Nikibadirisha sasa, kisha karatasi ikose, nitabakia na nini?»

 Nikamuambia atapoteza franga juu ya bonjour ya machine. Nilisema vile, kabisa. Akasema: «Siku utazaa, utanipigia.» Akakata.

Le 11 juin, saa nane ya muchana, téléphone yangu ikalia. Alikuwa mu pause, kule Auderghem. Hakusema bonjour.

«Ilikuwa ndani ya 94. Balishona pamoja.»

Nilichukua métro, nikamukuta inje, ku banc ya kukaa mbele ya maison de repos, eko na blouse yake ya kazi na sandale nyeupe. Mu téléphone kulikuwa picha ya ukurasa ya kahawia, alama ya maji ku kona. Akaikuza na bidole bibili. Graciella Furaha, alizaliwa le 3 mars 1993, baba fulani, mama Nabintu Émérance. Parrain na marraine, basimamizi ya batizo, signature ya padri. Akafuata mustari na kidole mpaka mwisho, akarudia mwanzo.

«Angalia,» akasema. «Padri hakuandika kama alikufa.»

«Ni registre ya batizo tu, Maman.»

«Najua ni ya batizo. Niache kidogo.»

Nikamuacha. Muzee moja ku dirisha ya chini akamupungia mukono, na yeye akamupungia bila kuinua macho.

Tukatuma ile picha ku plateforme palepale. Jibu ilifika kesho yake, tukiwa kwake: Merci, document hii haihitajike, tafazali tuma kitambulisho yako mwenyewe. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumutuliza, na maneno ya kutukana plateforme. Akatosha lunettes.

«Haihitajike?»

«Haihitajike.»

«Bon. Haiko yabo.»

Akaenda yeye mwenyewe kuchukua carte mu sacoche. Piga picha, akasema. Akageuza uso kushoto, akageuza kuume. Hakucheka, na machine ikamukubali mara moja. Ikatufungulia application upya. Bonjour, Émérance.

Akaangalia ile jina sawa vile unaangalia mugeni ku mulango.

«Huyu njo ataomba mi-temps,» akasema.

Franga ilikuwa ya kutosha kujaza pengo ya mushahara kwa miaka mbili, kama bei haimuchezee. Nikamuambia auze sehemu kubwa sasa, na ya impôt, kodi ya serikali, amuulize comptable, haiko miye. Akauza. Ilichukua muda mudogo kuliko chai kupoa.

Nilifikiri imeisha. Mercredi yenye ilifuata, akatoa ile picha ku karatasi na imprimante ya bibliothèque, akaipeleka commune, baandike Graciella kama mutoto wake. Bibi wa guichet akamuambia na upole: karatasi ya kanisa haitoshe, inaomba acte ya kuzaliwa ya état civil, ya serikali, ao jugement, hukumu ya tribunal ya kule, na kila kitu ipigwe muhuri ya légalisation. Émérance mwenye najua angekunja karatasi, aseme merci, arudie nyumbani. Siku ile akatoa bic mu sacoche, akamupatia: «Madame, niandikie hapa yote yenye munahitaji.» Akatoka na liste.

Nikamuambia itachukua miezi, labda mwaka.

«Ni weye ulipanda kwangu kunifundisha kama sheria inataka preuve, ushahidi,» akanijibu. «Basi, naipelekea preuve.»

Anaclet ameisha kutumwa, safari hii tribunal. Audio ya kwanza imefika: greffier, mwandishi wa tribunal, ameenda ku kilio.

Jugement haiyafika. Lakini ku kazi, demande ya mi-temps iko na formulaire ya kujaza, na formulaire inauliza famille, batoto ni bangapi. Ku nafasi ya batoto aliandika mbili: Graciella, kisha Cédric. Secrétaire akasoma, akaona miaka ya wa kwanza haijazwe, akamuuliza.

«Cinq ans,» Maman akasema.

Secrétaire akainua uso, akamuangalia: mwanamuke wa cinquante-huit ans na magoti imefungwa na bandeji. Akangoja kama kuko maneno ingine. Hakukuwa ingine. Akaandika cinq, akapiga muhuri.